Helikopta ya Bomba la Pazia

Helikopta yangu haijawahi kuondoka juu ya paa la ghorofa letu, na sikuitengeneza iondoke. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wengi wakisikia habari zake huuliza kwanza imeanguka wapi.

Ghorofa lenyewe ni la zamani, liko Mchafukoge, na chini yake mjomba wangu ana duka la mapazia. Nilipomaliza darasa la saba nilikaa kwa mama Buguruni bila kazi, kisha mama akanipeleka kwa kaka yake. Kazi yangu ni kupima madirisha ya wateja na kufunga mabomba ya pazia. Mjomba huongea na mteja, mimi napanda ngazi na kutoboa ukuta. Mgawanyo huo unatufaa wote wawili. Mtu nisiyemzoea akiniuliza jambo, jibu huwa linakuja, ila huja yeye akiwa ameshaondoka.

Helikopta nilianza kuzipenda wakati wa kampeni. Moja ilitua viwanja vya Jangwani na watu wakakimbilia kumwona mgombea. Nami nilikimbia. Mgombea sikumwona. Nilisimama upande wa mkia nikitazama kile kipangaboi kidogo cha nyuma, nikajiuliza kina kazi gani ikiwa kikubwa cha juu kipo. Jibu nililipata baadaye kwenye simu: bila kile cha nyuma, helikopta yenyewe ingezunguka kama pia ya kuchezea watoto. Jibu hilo lilinifurahisha kwa namna ambayo sikuweza kumweleza mtu, na sikujaribu.

Kompyuta niliipata katika ofisi moja ya hapohapo mtaani. Walikuwa wanabadilisha mashine zao, na ile yenye feni ya kelele wakanipa kama shukrani ya kuwafungia mapazia vizuri. Niliweka ndani yake programu ya bure ya kurushia ndege. Maelezo yake yote yalikuwa ya Kiingereza, nami Kiingereza changu ni cha darasa la saba, kwa hiyo nilikuwa nayatafsiri kwa simu, kipande kimoja kila duka likifungwa. Simu nayo ina Kiswahili chake. Kuna siku iliniambia nivute kwa upole yale ya pamoja. Nilikaa na sentensi ile hadi nikaelewa kwamba ni mkono wa kushoto wa rubani, ule unaopandisha na kushusha.

Kwa kubonyeza vitufe helikopta hairuki. Kitufe kinajua ndiyo na hapana tu, na helikopta inataka kidogo. Kidogo kushoto, kidogo zaidi, rudisha kidogo. Mkono wa kushoto unapandisha. Usukani wa katikati, ambao ni fimbo, unailaza mbele, nyuma na pembeni. Miguu ina pedali mbili za kugeuza pua. Ukigusa kimoja, vile viwili vingine vinaharibika na inabidi uvitengeneze. Nikaamua kujenga.

Sikuwa na pesa ya kununua vilivyo tayari, ila nilikuwa naishi mahali ambapo kila kitu kilichowahi kuvunjika hapa mjini hupita. Kiti nilikitoa gereji moja ya Buguruni, kilikuwa cha dereva wa bajaji. Mkono wa kushoto ni breki ya mkono ya gari dogo, nimeing'oa meno ili isijifunge. Fimbo ya katikati ni kipande cha bomba la pazia lililopinda, na juu yake nimeacha kile kichwa cha rangi ya dhahabu kinachowekwa mwisho wa bomba, kwa sababu kinajaa mkononi. Springi ni za godoro. Televisheni ni ya mke wa mjomba, ilikuwa imeanza kuweka mstari wa kijani pembeni na yeye akaikataa. Nilijifunza kudhani kwamba ule mstari ni nguzo.

Pedali ndizo zilizonisumbua, kwa sababu katika helikopta ukisukuma mguu mmoja, wa pili lazima urudi nyuma. Nilihangaika na bawaba, nikahangaika na mbao, hadi siku moja nikiwa juu ya ngazi kwenye nyumba ya mteja nikavuta kamba ya pazia kulijaribu. Upande mmoja ukaja, wa pili ukaenda. Nimefunga mapazia ya namna ile sijui mangapi. Nikashuka ngazi, nikapanga vifaa vyangu, nikarudi dukani nikachukua kamba ile ile na vigurudumu vyake.

Ili kompyuta ijue viungo vyote hivi vimefika wapi, nilipasua padi ya gemu iliyokufa vitufe, nikavuta nyaya zake hadi kwenye vifundo vya redio, vile vya kuzungusha sauti. Kifundo kimoja kilikaa chini ya breki, viwili kwenye fimbo, kimoja kwenye kamba ya pedali. Vifundo nilivinunua Kariakoo kwa njia ninayonunulia kila kitu: natoa mfano mfukoni, nauweka juu ya kaunta, naonyesha kwa vidole idadi ninayotaka. Muuzaji analeta vinavyofanana na mfano. Hakuna anayeudhika.

Yote haya niliyafunga kwenye stoo ya juu ya paa, pembeni ya matangi ya maji, mahali wanawake wa ghorofa wanapoanika nguo. Sikumweleza mtu ni nini, hivyo kila mtu akajichagulia. Mmoja alisema ni kiti cha kukanda mgongo. Mwingine alisema ni mashine ya mazoezi, akaja kuniuliza kama inapunguza tumbo. Bibi mmoja wa ghorofa ya tatu aliposikia kwamba ni kitu cha kuruka na kwamba mwenye nacho huwa amekaa palepale asitoke, alisema kwao watu wa aina hiyo wanajulikana, na hutumia ungo. Tangu siku hiyo akawa anaanika nguo zake upande wa pili wa paa. Kwangu hilo lilikuwa zuri, kwa sababu mashuka yake yalikuwa yananizibia mlango.

Tatizo lilikuwa moja. Helikopta haikukubali kusimama.

Kwenda mbele ilikwenda. Kitu kigumu katika helikopta ni kusimama hewani mahali pamoja, kimo cha mtu kutoka chini, bila kwenda popote. Hapo yangu iligoma. Nilikuwa navuta breki taratibu: hakuna kitu. Navuta tena: hakuna kitu. Navuta unywele mmoja zaidi: inaruka kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. Nikishusha, inajibwaga. Niliamini ni mikono yangu. Sikuwa na sababu ya kuamini kingine.

Wakati huo ndipo alipokuja mama wa mabelo. Ni mfanyabiashara wa mitumba wa Mchikichini, mama mwenye sauti pana na mkoba mdogo, na alikuwa anatafuta mahali pakavu pa kuweka mabelo yake ya nguo kabla ya kuyafungua. Mke wa mjomba alimpeleka juu akamwonyesha stoo. Nilikuwa ndani, miguu kwenye pedali. Nikamwamkia. Akasema marahaba, akaangalia kuta, akaangalia dari, akaniangalia mimi kama kitu ambacho mwenye nyumba atakitoa.

Akashuka dukani, akamwambia mjomba, "Ami, chumba nimekipenda. Hicho kitanda cha hospitali kilichomo ndani kinatoka lini?"

Mjomba si mtu wa kuamua jambo haraka. Wazee wake walikuja kutoka Uarabuni wakauza vitambaa, yeye anauza mapazia, na kila jambo duniani analipima kwa desturi moja ya hapa Kariakoo: mali hujaribiwa mbele ya mteja. Ukinunua balbu, muuzaji anaichomeka mbele yako, inawaka, unaiona kwa macho yako, anakufungia. Ukishatoka nayo hairudi, na wala hutaki kuirudisha, maana uliiona inawaka. Mjomba hata mchumba wa binti yake alimweka dukani amwone akiuza mapazia kwanza, wakiwepo wateja.

Akaniita. Akaniuliza hicho kitu cha juu, jambo gumu kuliko yote kinachofanya ni lipi.

Ningeweza kusema ni kuruka. Ningeweza kusema ni kugeuka, ambako nilikuwa nakuweza. Lakini niliulizwa na mtu ninayemheshimu, mbele ya mtu nisiyemjua, na kwa mara ya kwanza jibu likaja kwa wakati.

"Kusimama," nikasema.

"Kusimama?" mama wa mabelo akauliza. "Hata belo langu linasimama."

Mjomba hakucheka. Alisema Ijumaa tukishakula, wote tutapanda juu. Helikopta itasimama hewani yeye akinywa chai kikombe kimoja. Chai ikiisha nayo iko hewani, stoo ni ya kijana. Ikianguka kabla, mama alete mabelo, na kijana atafute fundi chuma chakavu. Mama wa mabelo akasema kwa upande wake ni sawa. Mimi hakuna aliyeniuliza, na kwa kweli masharti yalikuwa ya haki. Nilikuwa nalala chumba kimoja na mabinamu, na dukani hakuna nafasi hata ya mteja mnene. Stoo ikienda, kile kiti, zile kamba na yale yote niliyoyasubiri yangekwenda kwenye mizani ya chuma chakavu.

Nilijaribu jioni zote zilizofuata na mbuzi akaendelea kuwa mbuzi. Mwisho nikafanya jambo ninaloliweza: nikapima. Nilichukua futi yangu, nikagawa safari ya ile breki kwa alama za chaki zilizo sawa, kama ninavyogawa mahali pa skrubu juu ya dirisha. Kisha nikavuta alama kwa alama nikitazama kwenye kompyuta kile kimstari kinachoonyesha mkono umefika wapi. Breki ilifika nusu, kimstari kikawa bado kiko karibu na mwanzo. Breki ilipokaribia mwisho, kimstari kikapanda mbio. Nikarudia. Nusu haikuwa nusu. Nimepima madirisha mengi yaliyojengwa vibaya, lakini sijawahi kuona nusu ya namna hiyo.

Basi halikuwa kosa la mikono. Ilikuwa ni vifundo, na ilibidi nirudi dukani nikaseme, kwa sababu tatizo lile halikuwa na mfano wa kuweka kaunta. Nilisimama nje ya duka la spea za redio nikaacha watu wengi wapite mbele yangu. Muuzaji alikuwa amenizoea kama mtu bubu. Niliponyoosha kifundo na kusema, "Hiki nusu yake si nusu," aliweka chini kikombe chake.

"Kumbe unaongea," akasema. "Unatumia kwenye nini?"

"Helikopta."

Akakichukua kifundo. "Inayoruka?"

"Hairuki."

"Haya," akasema, kama mtu aliyepewa jibu la kutosha. Akanieleza kwamba vile nilivyochukua ni vya kuongezea sauti, na vya sauti vimetengenezwa kwa ajili ya sikio. Sikio halihesabu kama futi, ndiyo maana kifundo chake huanza kidogo kidogo, kisha kinamwaga chote mwishoni. Ninachotaka mimi ni vile vya mizani, vya kugawa sauti kati ya spika ya kulia na ya kushoto. Hivyo huenda sawasawa mwanzo hadi mwisho, na katikati kabisa vina kijishimo, unakisikia kwa vidole. Akaniuliza kwa nini sikusema tangu siku ya kwanza. Nikamwambia nilileta mfano. Akasema mfano wangu ulikuwa mzuri sana.

Nilibadilisha vifundo. Kijishimo cha katikati nilikisikia kwa nyayo kwenye pedali, na nilipovuta breki kidogo, helikopta ilikwenda kidogo. Niliivuta na kuishusha mara nyingi bila kusudi lolote, nikiangalia tu. Kusimama bado kulikuwa kazi, ilikuwa inaelea kama mlevi anayetafuta funguo, lakini sasa makosa yalikuwa yangu na niliweza kuyapunguza. Nilijifunza kutotazama chini. Ukitazama ardhi ya karibu unachelewa, unarekebisha jambo lililokwisha kupita. Katika uwanja ule wa kwenye televisheni kuna banda moja mbali, lenye mlango. Nikawa natazama mlango.

Peke yangu niliweza. Kilichobaki ni watu.

Ijumaa tulikula pilau, tukapanda. Mjomba alikuwa bado na kanzu yake ya msikitini. Mke wake alibeba chupa ya chai. Mama wa mabelo alikuwa na uhakika wake, kwa hiyo alikuja na belo la kwanza kabisa. Mpagazi alilipandisha mgongoni hadi juu, akalitua mlangoni pa stoo na kulikalia, jasho linamtiririka, akingoja kuambiwa aliingize.

Kikombe alikileta mama wa mabelo mwenyewe. Kilikuwa kile kikubwa cha bati chenye maua. Akakijaza hadi ukingoni, chai inatoa mvuke kama inapikwa bado.

"Kikombe si kikombe, Ami?" akasema.

"Ni kikombe," mjomba akakubali.

Nikakaa. Shingo yangu ilijua kwamba nyuma kuna watu. Nikavuta breki, helikopta ikaondoka chini, ikayumba kulia, nikairudisha, ikayumba kushoto, nikairudisha kidogo zaidi ya ilivyotakiwa, kisha ikatulia kwa namna yake. Mjomba akanyanyua kikombe. Nilimsikia akifyonza na akikirudisha haraka, maana chai ile haikuwa ya kunyweka.

Helikopta ikabaki palepale.

"Mbona haiendi?" mama wa mabelo akauliza.

"Ndiyo kazi yenyewe, mama," mpagazi akajibu kutoka juu ya belo. "Kukaa na mzigo palepale. Bora kutembea."

Nilikuwa natazama mlango wa banda. Kichwa kile cha dhahabu kilianza kuteleza kwa jasho. Mjomba alifyonza tena, akapuliza, akafyonza. Mimi sikuweza kugeuka, lakini nilijua sauti ya kikombe kilichojaa na sikuwa naisikia ikibadilika. Pua ya helikopta ikaanza kugeuka kwa upole, nikasukuma pedali, nikasukuma sana, ikageuka upande mwingine na mlango wa banda ukaondoka kwenye televisheni. Nikautafuta. Niliupata nyuma ya mstari wa kijani. Mke wa mjomba akasema taratibu, "Basi jamani, mtoto amelowa jasho." Alisema kweli.

Hapo nikamsikia mjomba akisema, "Niletee kisahani."

Mjomba wangu hanywi chai kwa kisahani. Wazee wengi wa hapa hufanya hivyo, humimina chai kwenye kisahani ipoe kisha hunywa kwa haraka, lakini yeye siku zote alisema ni tabia ya mtu anayewahi treni. Mke wake alikwenda, akarudi. Nikasikia chai inamiminwa. Nikasikia inavutwa. Inamiminwa tena.

"Ami," mama wa mabelo akasema, "tangu lini umekuwa mtu wa kisahani?"

"Tangu chai iwe ya moto."

"Itakuunguza."

"Inaniunguza," mjomba akasema, akamimina.

Sijui ilichukua muda gani. Helikopta ilishuka hadi karibu iguse nyasi, nikaivuta. Ilirudi nyuma, nikailaza mbele. Nyuma yangu mjomba alikuwa anavuta chai kama mtu anayefukuzwa, bila kupumzika, na mara moja alikohoa. Kisha nikasikia kikombe cha bati kinageuzwa juu chini kwenye kisahani.

"Imekwisha," akasema.

Nilishusha breki kwa pupa. Helikopta ikatua kwa ubavu, panga lake likachimba uwanja, na televisheni ikaonyesha moshi.

"Imeanguka," mama wa mabelo akasema.

"Baada ya chai."

Mama wa mabelo alikinyanyua kikombe akachungulia ndani. Akapitisha kidole. Kilitoka kikavu. Alisimama kidogo akitazama moshi kwenye televisheni, halafu akamtazama mjomba, ambaye midomo yake ilikuwa imekuwa myekundu, na usoni mwa yule mama sikuona hasira. Mali ilikuwa imejaribiwa mbele ya macho yake. "Haya," akasema. "Mtoto, shuka hapo usije ukalia." Akamwambia mpagazi abebe belo. Mpagazi akasema kushuka nalo ni kazi nyingine, wakaanza kuelewana kuhusu hilo kwenye ngazi, na sauti ya mama ilisikika hadi chini.

Alipewa nafasi ya chini ya ngazi, ambako tulikuwa tunaweka mabomba marefu ya pazia. Mabomba yakahamishiwa stoo kwangu. Yamejaa ukuta mzima, na nikigeuza pua kwa nguvu kiwiko changu kinayagonga yote yanalia. Sijalalamika.

Usiku ule tulikula wali na mchuzi wa papa. Mjomba alionja, akaweka kijiko, akasema kwa ulimi mzito kwamba mchuzi hauna chumvi. Akaonja tena, akasema hauna ndimu wala pilipili, hauna kitu.

"Chumvi ipo," mke wake akasema. "Ulimi ndio haupo."

Mjomba akaendelea kula. Hakunitazama, nami sikumtazama. Nilimsogezea maji ya baridi karibu na mkono wake, akayachukua.